Gramu Sitini

Tulipita kwenye gwaride
mtangazaji akiwa bado anameza mate.
Watu kumi na mmoja, wanne wao viongozi,
nyuma yetu taifa linatiririka kama mto,
mbele yetu jingine.
Kamera ilitugusa kama mtu apapasaye mfuko
akitafuta chenji, akakosa.

Kwenye karatasi mimi, Abilio, ni kocha wa ndondi.
Kwenye kazi ni kocha, tabibu, mbeba ndoo,
na mwenye zamu ya kumfukuza Gaspar wa mita mia nane
kwenye aiskrimu ya bure.

Zulmira anatoka Maubisse, huko kwenye kahawa na ukungu,
alikojifunzia ngumi kwa gunia la maganda
lililofungwa darini, mama yake akilalamika vumbi.
Alfajiri ya kupima uzito alikimbia koridoni
ndani ya mifuko miwili ya plastiki na sweta langu,
akatema mate kikoponi mpaka ulimi ukawa kigae.
Mizani ikasema: bado gramu sitini.

Gramu sitini ni yai moja.
Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba;
hawakusema hupunguzwaje,
na zimebaki dakika kumi na nne.

Akachukua mkasi wa bandeji begini mwangu.
Nywele zile mama yake alizisuka
tangu darasa la kwanza, kila Jumapili kabla ya misa.
Sikusema kitu.
Iko saa ambayo kocha hana la kufundisha.
Msuko ulinidondokea mikononi
mzito kuliko nilivyodhani,
ungali na joto la shingo.

Mizani ikakubali.

Kesho yake tukasimama ulingoni, kona yetu nyekundu,
kona ya pili kiti kitupu.
Mpinzani ana homa.
Mwamuzi akaangalia saa, akaangalia mlango,
akauinua mkono wa Zulmira, mkavu,
hauna hata tone la jasho.
Ushindi wa kwanza wa ndondi katika historia yetu
ulichukua muda wa kufunga kamba za viatu.

Nyumbani kengele ya kanisa ikalia saa ya chakula.
Mwalimu mkuu akawafungulia watoto.
Mtu akachinja nguruwe aliyekuwa akingoja harusi.
Zulmira akaniuliza, "Umewaambia sikupigana?"
Nikasema mtandao ulikuwa unakatikakatika.
Akanitazama.
Nikaangalia ndoo.

Pambano la pili, mwenyeji, bingwa, bega kama mlango.
Raundi ya kwanza alipigwa.
Ya pili alipigwa zaidi, lakini akisonga mbele,
na mimi pale chini nikiitafuna taulo.
Ya tatu, kutoka mahali ambapo sikumfundisha,
mkono wa kushoto ukatoka,
na uso wa bingwa ukageuka kuangalia majukwaa
kana kwamba ameitwa jina.
Watu elfu saba wakavuta pumzi moja.

Majaji watano, wote kwa yule.
Akarudi konani, damu kwenye meno ya bandia ya mpira.
"Ile umeiona?"
"Nimeiona."
"Hiyo ndiyo uwaambie."

Uwanja wa ndege, mizani tena.
Begi lake limezidi. Binti wa kaunta, kwa upole:
punguza kitu.
Akatoa majani ya chai ya zawadi. Akatoa viatu.
Akamtoa korongo wa kitambaa, nembo ya michezo,
aliyemnunulia mdogo wake kwa posho ya siku mbili.
Chini kabisa, umefungwa kwa utepe wa kitambulisho,
msuko.
Binti akaunyooshea kidole.
Zulmira akafunga zipu.

Akatembea kuelekea ndegeni amezitundika glavu shingoni,
zikimpigapiga mgongoni
palepale.
Mimi nyuma yake, chai kwapani, viatu mkononi,
korongo kichwani kwangu akichungulia mbele.
Saa nne angani.
Nilikuwa nikitafuta maneno ya ile ngumi.